Amana ya Jina

Watoto wa kwetu, jua likisha kutua, hutegeana kitendawili hiki: ni changu mwenyewe, lakini wenzangu hukitumia kuliko mimi. Jibu lake ni jina. Nilikifundisha kitendawili hicho darasani kwa miaka mingi, na siku zote nilikichukua kuwa mchezo wa maneno tu. Sikudhani kwamba uzeeni kingenirudia kama hesabu niliyoikosea, nami nikatakiwa kuisahihisha mbele ya watu. Siku hizi kila jina lina pacha wake, yaani namba ya simu. Namba nayo ni ya mtu mmoja, lakini hukaa mikononi mwa wengi. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyozitoa namba za watu 28 pasipo idhini yao, mambo yaliyofuata, na fundisho nililolipata kwa bei ya aibu.

Nakaa Ihanja, kata mojawapo ya Wilaya ya Ikungi katika Mkoa wa Singida. Wilaya yenyewe ni changa. Ilizaliwa mwaka 2012 kutoka katika iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini. Nchi yetu, ambayo ni ya Wanyaturu tangu kale, hupata mvua kwa msimu mmoja tu, takriban kutoka Novemba hata Aprili. Miezi mingine ni ya upepo na vumbi. Twalima mtama na uwele kwa chakula, na alizeti kwa fedha. Wenye kuku huuza kuku, na wenye mizinga huuza asali. Lakini alizeti ndiyo inayojenga nyumba na kupeleka watoto shuleni. Kwa hiyo fedha hutujia kama mvua yetu, mara moja kwa mwaka, na haina budi kugawanywa kwa hekima mpaka mavuno mengine. Jambo hili halifichiki kwa mtu yeyote mwenye kitu cha kuuza. Mavuno yanapokwisha, wachuuzi hutufikia kama ndege wanavyolifikia shamba la uwele.

Tuna kikundi cha akiba na mikopo, cha namna ambayo watu hukiita VICOBA. Asili ya mpango huu si ya hapa. Ulianzia Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Afrika hata ukatufikia. Taratibu zake ni nyepesi, lakini waliozitunga waliijua vyema tabia ya mwanadamu. Wanachama hukutana kila juma, hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana walichokipata. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe hutunzwa na mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Mtu mmoja hawezi kulifungua, wala wawili hawawezi. Haisemwi kwamba fulani ni mwizi. Husemwa tu kwamba mali ya wengi isimjaribu mmoja.

Mimi nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu husomeka. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari. Katika daftari hilo mlikuwa na majina ya wanachama, hisa zao, mikopo yao, na mwisho wa kila mstari namba ya simu. Namba hizo ziliandikwa kwa haja moja tu: kumwarifu mwanachama mkutano ukiahirishwa, au mwenzetu akifiwa. Kila mwanachama alinitamkia namba yake kwa kinywa chake, nami nikaiandika, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa. Baada ya mkutano sanduku lilifungwa kufuli zake tatu mbele ya macho ya wote. Daftari lilibaki juu ya meza, nami nikalichukua kwapani nikaenda nalo nyumbani. Hakuna aliyeona kasoro yoyote katika jambo hilo, na mimi sikuiona pia.

Mwezi wa Juni, mwaka 2024, alikuja kijana mmoja aliyevaa vizuri, mwenye shati lililonyoshwa na kitambulisho kilichoning'inia shingoni. Alijieleza kuwa ofisa mauzo wa kampuni moja iuzayo taa za sola kwa malipo ya mafungu. Sitaitaja kampuni hiyo, maana nia yangu si kumshtaki mtu kwa kalamu. Alinisalimu kwa adabu, akaniita mwalimu, akakumbusha kwamba watoto wengi wa vitongojini husoma kwa mwanga wa tochi. Yote aliyoyasema juu ya taa yalikuwa kweli. Kisha akafungua mkoba wake akatoa taa ndogo, akaiweka mbele yangu, akasema, "Hii ni ya majaribio, mwalimu wangu. Kaa nayo uone ubora wake." Baada ya hapo tu ndipo alipouliza kama kikundi chetu kina orodha ya wanachama, ili apate kuwaalika katika maonyesho ya bidhaa zake.

Nilimpa daftari. Alilifungua, akatoa simu yake, akapiga picha kurasa mbili, akanirudishia. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Daftari lilirudi mikononi mwangu zima, halikupungua hata herufi moja, na ndiyo maana sikuhisi kwamba nimetoa kitu. Mwizi wa mbuzi huacha zizi wazi, na mwenye mbuzi huona pengo. Aibaye namba haachi pengo lolote. Mwenye namba bado anayo, na aliyeitunza bado anayo. Hasara hujulikana siku nyingine, kwa mlio wa simu.

Mlio huo haukukawia. Katika juma lile lile wanachama walianza kupigiwa. Kijana aliwaita kwa majina yao matatu, jambo lililowashangaza, kwa kuwa katika daftari niliandika majina mawili tu. Baadaye nilifahamu jinsi alivyofanya. Mtu akitaka kutuma fedha kwa simu huandika namba ya mpokeaji, na mtambo humwonyesha jina lililosajiliwa kabla hajathibitisha. Utaratibu huo uliwekwa kwa wema, ili mtu asitume fedha kwa asiyekusudiwa. Lakini mwenye nia nyingine huweza kulisoma jina, kisha akaacha, asitume hata senti. Tena majina hayo si ya kubuni. Usajili wa laini zetu kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, umeifunga kila namba na kitambulisho cha taifa cha mwenyewe. Basi aliyekuwa na namba alikuwa na mtu mzima mkononi mwake.

Alipiga alfajiri, watu wakijiandaa kwenda shambani. Alipiga usiku, watu wakiwa mezani. Walioifungia namba yake isiingie aliwatafuta kwa namba nyingine. Mwanachama mmoja, mke kijana, alipigiwa saa tatu za usiku mumewe akiwa karibu. Mume alisikia sauti ya mwanamume imtajayo mkewe jina kamili kwa ulaini, na maelezo ya taa za sola hayakumwingia. Nyumba ile ilikosa amani kwa siku nyingi. Mwingine, mzee wa makamo yangu, aliizima simu yake kabisa ili apumzike, na kwa sababu hiyo hakupata habari ya msiba wa dada yake mpaka marehemu alipokwisha kuzikwa. Nayaeleza haya ili ionekane kwamba usumbufu, ambao watu wa mijini wameuzoea na kuucheka, unaweza kuwa mzigo mzito katika nyumba yenye simu moja.

Lakini jambo lililonivunja moyo lilikuwa la mjane mmoja, mwanachama wetu tangu siku ya kwanza. Alikuja nyumbani asubuhi, akaketi juu ya kigoda, akakaa kimya kwa kitambo. Taa ya majaribio ilikuwa dirishani ikiota jua. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, "ile taa yangu itafika lini?"

Nilimwuliza ni taa gani.

"Si ile uliyonisajili? Yule kijana wako alinipigia. Alisema, mama, mwalimu amekwisha kukuandikisha, usimwaibishe. Nikatuma ile arobaini elfu. Sasa anasema nilete na fungu la pili, ama ile ya kwanza imepotea."

Fedha hizo zilikuwa za alizeti. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya mwanawe aliyechaguliwa kwenda kidato cha tano, mbali na nyumbani, naye alitakiwa kuripoti mwezi wa Julai akiwa na godoro, sare na nauli yake. Nilimwuliza kwa nini hakuja kuniuliza kabla ya kutuma. Alinijibu kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali.

"Nitakuulizaje, mwalimu, jambo ulilokwisha kulikubali?"

Hapo nilifahamu kwamba namba ilikuwa mlango tu katika biashara ile. Kilichouzwa hasa ni imani ambayo mama yule alikuwa nayo kwangu, nami ndiye niliyempa mwuzaji daftari iliyomo imani hiyo. Bei yake ilikuwa taa ndogo juu ya dirisha.

Siku ile ile nilimpigia kijana. Alipokea kwa furaha, akidhani nina wateja wengine. Nilipomweleza shida, hakukasirika. Alicheka kidogo kama mtu amchekaye babu yake.

"Mzee wangu," alisema, "namba ya simu si siri. Kila mtu anayo namba ya kila mtu. Mimi sikuiba, wewe mwenyewe ulinipa."

Maneno haya yalinikalia moyoni, na ni haki kuyapima kabla ya kuyakataa, maana yana sehemu ya ukweli. Zamani, enzi za Posta na Simu, wachache waliokuwa na simu majina yao yalichapwa katika kitabu pamoja na namba zao, na kuonekana katika kitabu hicho kulikuwa heshima. Hakuna aliyelalamika. Mchuuzi wa siku hizo aliweza pia kuandika barua kwa sanduku la posta. Lakini barua husubiri. Hulala ndani ya sanduku mpaka mwenyewe apende kuifuata, na akiisha kuifuata anaweza kuiacha bila kuifungua. Simu ya leo haisubiri. Humfuata mtu kitandani, msibani na ibadani. Zaidi ya hayo, namba ya leo ndiyo mfuko wa fedha. Tangu mwaka 2008, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu nchini mwetu, mtu anayezungumza nawe sikioni yuko hatua moja tu kutoka katika akiba yako.

Tena kujulikana na kutumiwa ni mambo mawili. Njia ya kwenda nyumbani kwangu inajulikana na Ihanja nzima, si siri. Lakini kila aijuaye hakupewa ruhusa ya kuja kunigongea usiku wa manane, wala kumwonyesha mgeni njia hiyo na kumwambia kuwa nimemwalika. Ruhusa huenda pamoja na haja iliyotajwa. Wanachama walinipa namba zao kwa habari za mikutano na misiba. Nilipozitumia kwa jambo la tatu, nilikuwa nimezichukua upya bila kuwauliza.

Historia ya nchi hizi inatufundisha kwamba mtu akiandikwa katika karatasi ya mwingine hupungukiwa uhuru kwa kadiri ya nia ya mwenye karatasi. Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande: karatasi yenye jina, alama za vidole na habari za kazi za mtu, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri aliyekuwa na neno juu ya kipande alikuwa na neno juu ya mtu, na manung'uniko juu ya jambo hilo yalikuwa miongoni mwa sababu za harakati za Harry Thuku mwanzoni mwa miaka ya 1920. Silinganishi taa za sola na dhuluma ile; nasema tu kwamba hofu ya kuandikwa ovyo si hofu ya wajinga. Babu zetu waliokuwa wakisita kutaja majina yao mbele ya karani walikuwa na sababu zao.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi mjini Singida, ndiye aliyenifungulia njia. Aliniambia kwamba Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa kwa nafsi yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Akaniletea nakala ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Akaniarifu pia kwamba Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilikuwa imezinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, yaani miezi miwili tu kabla ya mgeni wangu kufika na mkoba wake.

Niliisoma sheria ile usiku, kwa taa ya kibatari. Ile nyingine sikutaka kuiwasha. Nilitafuta ndani yake makosa ya kijana, nami nikayakuta. Lakini nilikutana kwanza na makosa yangu. Sheria inasema, kwa maneno ya kisheria, mambo ambayo mtu muungwana angepaswa kuyajua bila sheria. Akusanyaye taarifa za watu azikusanye kwa lengo halali na lililo wazi. Mwenye taarifa aambiwe lengo hilo. Taarifa zisitumiwe kwa lengo jingine lisilopatana na lile la kwanza. Mtu ana haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara, ana haki ya kutaka zifutwe au zisahihishwe, na akipuuzwa anaweza kupeleka malalamiko yake mbele ya Tume. Nilipofika hapo nilisimamisha kidole juu ya mstari. Aliyezikusanya namba zile ni nani? Hakuwa kijana. Ni mimi, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

Basi niliona kwamba siwezi kuanza na barua ya mashtaka kwa kampuni kabla ya kwenda kwa wenye namba. Nilichukua fimbo yangu nikapita nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo ilinichukua siku nne. Katika kila nyumba nilisema maneno yale yale: kwamba ni mimi niliyetoa namba, kwamba sikumsajili mtu yeyote, kwamba yeyote atakayesema nimekubali kwa niaba yao asiaminiwe, na kwamba asiyetaka taa ana haki ya kusema hapana mara moja, pasipo kutoa sababu. Wengine walinisamehe kabla sijamaliza. Wengine walinikaribisha uji kisha wakanyamaza, na ukimya wao niliubeba njia nzima. Mume wa yule mke kijana alinisikiliza akiwa amesimama, akasema, "Ungekuja mapema, mwalimu," wala hakunikaribisha kuketi. Nilikubali. Alikuwa na haki.

Kisha ndipo nilipoandika barua. Niliielekeza kwa uongozi wa kampuni, wala si kwa kijana, nikaitia tarehe, nikabaki na nakala. Nilieleza siku na mahali namba zilipopigwa picha, na kwamba mimi niliyezitoa sikuwa na mamlaka ya kuzitoa. Nikataka mambo manne: picha zile zifutwe, pamoja na orodha zozote zilizotokana nazo, wanachama wasipigiwe tena, tuambiwe kama namba zimepewa mtu mwingine, na mama yule arudishiwe shilingi 40,000 zilizochukuliwa kwa maneno yasiyo kweli. Mwisho nikasema kwamba tusipojibiwa kwa maandishi, kikundi kitapeleka malalamiko kwa Tume. Wanachama waliotaka walitia sahihi au dole gumba. Na safari hii kila mmoja alisomewa barua nzima kabla ya kutia alama yake.

Nampa msomaji shauri moja la kazi, maana nililipata kwa taabu: ni lazima kutofautisha mwuzaji msumbufu na tapeli. Anayetuma ujumbe akijifanya ndugu yako na kutaka fedha zitumwe kwenye namba fulani ni tapeli, na ujumbe wa namna hiyo huripotiwa kwa namba 15040, ambayo mamlaka ya mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo. Anayetaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake huweza kubonyeza *106#. Lakini mwuzaji msumbufu ana bidhaa ya kweli, ofisi ya kweli na mkubwa wa kazi juu yake. Kumtukana kwa simu hakusaidii kitu. Humfanya atumie namba nyingine. Dawa yake ni maandishi yenye tarehe, yaliyoelekezwa kwa yule anayemlipa. Jirani zetu wa Kenya, ambao walitunga sheria yao mwaka 2019, wamekwisha kuonyesha jambo hili. Mwaka 2023 kamishna wao wa ulinzi wa data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kwa sababu ilitumia majina na namba za watu ilizozipata kwa watu wengine. Faini ile ililipishwa kampuni, haikulipishwa kijana aliyeshika simu.

Na juu ya kijana huyo sina chuki. Baadaye nilipata kujua kwamba hakuwa na mshahara. Aliishi kwa kamisheni ya kila taa, na kila asubuhi alitakiwa kutaja hesabu ya watu aliowapigia. Alizaliwa katika nyumba kama zetu, na pengine ana mama kama yule. Kosa la kutumia neno langu uongo ni lake, nalo ni kubwa. Lakini aliyemfundisha kwamba namba ni mawindo alikuwa ameketi mahali pengine, kivulini.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya majuma matatu, karatasi moja yenye mhuri. Walisema wamezifuta namba na wamemwonya mtumishi wao. Shilingi 40,000 zilirudi kwa simu ya mama yule siku ya pili yake. Lakini mwanawe alikuwa amekwisha kuondoka, bila godoro. Alilala kwa majuma mawili kitanda kimoja na mwenzake, mpaka godoro lilipotumwa kwa basi. Na juu ya swali letu la tatu, kama namba zimepewa wengine, karatasi ile ilikaa kimya. Mwezi wa Septemba mwanachama mmoja alipigiwa na mwuzaji wa dawa za nguvu, naye alimwita kwa majina yake matatu. Maji yakimwagika hayazoleki. Sheria inaweza kumfunga mkono aliyeyamwaga, lakini haiwezi kuyarudisha mtungini.

Mkutano uliofuata nilisimama nikajiuzulu ukatibu. Nilikuwa nimeichukua ile taa ya majaribio, nikaiweka juu ya meza, nikaomba kikundi kinipe idhini ya kuirudisha kwa mwenyewe. Ikaamuliwa hivyo, na ikarudishwa pamoja na stakabadhi. Wanachama hawakukubali nijiuzulu, ila walifanya jambo la busara zaidi. Mwenyekiti aliuliza kwa nini fedha zetu hulala ndani ya kufuli tatu na majina yetu hulala kwapani mwa mtu mmoja. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku ile daftari la hisa halina namba za simu. Namba zimeandikwa katika karatasi ya peke yake, na karatasi hiyo hukaa ndani ya sanduku, chini ya fedha. Haitolewi ila mbele ya washika funguo watatu, na kwa haja iliyotajwa.

Tuliiandika karatasi hiyo upya. Nilimwuliza kila mwanachama kama anapenda namba yake iandikwe, na kwa kazi gani. Ishirini na saba walikubali. Zamu ya mama yule ilipofika, aliitazama kalamu yangu kwa muda.

"Mwalimu," alisema, "kukiwa na mkutano, mlango wangu mnaujua. Kukiwa na msiba, njooni mnigongee."

Sikumbembeleza. Niliandika jina lake, nikaacha nafasi iliyo mbele yake tupu, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, kukiwa na habari ya kikundi, huchukua fimbo yangu nikaenda kwake kwa miguu.